Thomas Young: daktari aliyetupa kipimo cha ukakamavu wa mti

Bua la mtama likikauka huwa jepesi, na halipindi ovyo. Mtoto wa kijijini hapa Singida anayetaka kutengeneza kindege cha kuchezea anaweza kulitumia hilo na kuuacha ufito mbichi. Anachotafuta ni wepesi pamoja na ukakamavu. Ukakamavu huo una kipimo kinachoitwa kwa jina la Mwingereza Thomas Young, na leo tunayaangalia maisha yake.

Alizaliwa mwaka 1773 huko Milverton, mtoto wa kwanza kati ya kumi. Inaelezwa kuwa alijua kusoma akiwa na miaka miwili. Alisomea udaktari London, Edinburgh na Göttingen huko Ujerumani, kisha akaanza kutibu London. Mwaka 1801 aliajiriwa kufundisha sayansi katika Royal Institution, lakini 1803 akaacha. Alihofia kwamba wagonjwa wasingemwamini daktari mwenye shughuli nyingine. Kwa hofu hiyo hiyo, maandishi yake mengi aliyatoa bila kuweka jina. Hata hivyo wagonjwa hawakuwahi kuwa wengi.

Mihadhara yake ilichapishwa 1807, na kipimo kile kimo humo. Euler alishaligusa jambo hilo kabla yake. Tatizo la Young lilikuwa maelezo: alijua mno, akadhani na msikilizaji anajua. Waliomfuata ndio waliokiandika kipimo kwa namna inayoeleweka. (Kwetu watu wa redio, kutoeleweka ni kosa kubwa kuliko kukosea hesabu.)

Jambo lenyewe unaweza kulijaribu nyumbani. Laza kijiti juu ya matofali mawili, ning'iniza kijiwe katikati, upime kimeshuka kiasi gani. Ukiyatenganisha matofali mara mbili ya mwanzo, kijiti kitashuka mara nane zaidi. Ukiondoa urefu na unene katika hesabu, kinachobaki ni tabia ya mti wenyewe, na hicho ndicho kipimo cha Young. Wanaotengeneza vindege vya kurusha ndani ya kumbi, ambavyo vingine havifiki gramu mbili, huvipima hivyo vijiti vya balsa, mti wa Amerika ya Kusini, kimoja kimoja. Kizito hutupwa, na kinachopinda kirahisi hutupwa pia.

Young alifariki London tarehe 10 Mei 1829, akiwa na miaka 55. Kitandani alikuwa bado akiandika kamusi ya lugha ya Misri ya kale.