Rubani Aliyewatafuta Wenzake

Ndugu zangu mliosoma hapa zamani, nanyi vijana mlio madarasani leo, katibu wetu ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri. Nimemchagua rubani Mfaransa, Antoine de Saint-Exupéry. Wengi wenu mnamjua kwa kitabu chake kidogo ambacho kwa Kiswahili huitwa Mwana Mdogo wa Mfalme. Mimi namkumbuka kwa jambo jingine. Huyu alikuwa mtafutaji wa waliopotea, na mwishowe akapotea yeye mwenyewe.

Alizaliwa Lyon tarehe 29 Juni 1900, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yao alifariki mwaka 1904, wakalelewa na mama yao, Marie. Alijifunza urubani alipokuwa akitumikia jeshi mwaka 1921, na mwaka 1926 akaajiriwa na kampuni iliyopeleka barua kwa ndege kutoka Toulouse hadi Dakar. Injini za siku zile zilikuwa zikizimika angani mara kwa mara. Mwaka 1927 akafanywa mkuu wa kituo cha Cape Juby, ukingoni mwa Sahara. Mojawapo ya kazi zake huko ilikuwa kuwaendea marubani walioanguka jangwani, na kuzungumza na wenyeji ili waliotekwa wakombolewe.

Mwezi Juni 1930 rafiki yake Henri Guillaumet alianguka katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, wakati wa baridi kali. Saint-Exupéry alizunguka angani siku tano akimtafuta, asione kitu. Guillaumet alitokea mwenyewe, baada ya kutembea katika theluji kwa siku nyingi bila chakula. Njiani alikuwa amekwisha kata tamaa na kulala chini afe. Kilichomwinua ni sheria ya kwao: mtu ambaye maiti yake haikuonekana siku zile alikuwa hahesabiwi kuwa amekufa mpaka ipite miaka minne, na mkewe asingelipwa bima kwa muda wote huo. Akainuka ili walau akafie juu ya mwamba, mahali ambapo mwili wake ungeonekana theluji ikiyeyuka. Alipokwisha simama, akaendelea kutembea, akaokoka.

Kisa hicho nilikisoma nikiwa kidato cha tatu, nikamkumbuka bibi yangu. Mwanawe, mjomba wangu, aliingia King's African Rifles, akapelekwa Burma, asirudi. Haikuja maiti, wala hatukuwa na kaburi la kuonyesha. Bibi alikataa katakata kuweka matanga. Mke wa mjomba hakujua kama yeye ni mke au mjane, na shamba lake halikuweza kugawanywa. Nikiwa mtoto nilidhani bibi ni mkaidi tu. Baada ya kusoma habari za Guillaumet nilifahamu kwamba kupotea si sawa na kufa, na kwamba mzigo wake huwaangukia waliobaki nyumbani.

Saint-Exupéry mwenyewe aliuonja upotevu huo. Tarehe 30 Desemba 1935 alianguka jangwani, upande wa Libya na Misri, pamoja na fundi wake André Prévot. Walitangatanga kwa siku kadhaa na kiu kikakaribia kuwaua, hata Mbedui mmoja akawaokoa.

Vita vilipokuja aliruka katika kikosi cha upelelezi. Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940 alikwenda Marekani, na mwaka 1943 akarudi Afrika ya Kaskazini kuomba kuruka tena. Umri wake ulikuwa umepita kiasi kilichowekwa, na mwili wake ulikuwa na maumivu ya ajali za zamani, lakini aliwasihi wakubwa mpaka wakamkubalia. Asubuhi ya tarehe 31 Julai 1944 aliondoka Borgo, kisiwani Corsica, katika ndege ya P-38 isiyo na silaha ila kamera, kwenda kupiga picha sehemu za Grenoble na Annecy zilizokuwa mikononi mwa Wajerumani. Wenzake walimngoja. Ilipofika saa nane na nusu mchana walijua kwamba mafuta yake yamekwisha.

Barua yake ya mwisho ilimfikia mama yake mwaka 1945, karibu mwaka mzima baada ya yeye kupotea. Mama huyo aliishi hata mwaka 1972. Mkewe, Consuelo, alifariki mwaka 1979. Wote wawili waliondoka duniani bila kujua alipoangukia.

Mwaka 1998 mvuvi mmoja karibu na Marseille alinasa katika wavu wake bangili ya fedha yenye jina la rubani na la mkewe. Wako waliosema ni ya kughushi. Lakini mwaka 2000 mzamiaji Luc Vanrell alitambua vipande vya ndege chini ya bahari hiyo hiyo. Vilitolewa mwaka 2003, na mwaka 2004 namba ya kiwanda, 2734, ilithibitisha kwamba ndege ni yake. Mifupa haikupatikana. Mwaka 2008 rubani wa zamani wa Ujerumani alidai kuwa ndiye aliyemtungua, ila madai hayo hayajathibitishwa. Basi mahali pamejulikana, sababu bado.

Bibi yangu naye alifariki bila kupata jibu.

Ndiyo maana naandika haya katika jarida letu. Katika daftari la chama yamo majina yaliyoandikiwa kwamba mwenyewe hajulikani alipo. Tulilala nao bweni moja na kula nao meza moja. Naomba kila mmoja wetu, kabla ya mkutano ujao, achukue jina moja la darasa lake akaulizie. Aliye hai tumwalike. Aliyefariki tuandike mwaka na mahali, ili watu wake wajue kwamba tulimtafuta. Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.