Paul Robeson, mucheza-mupira rafiki ya watu wa mungodi

Sisi huku tunajua sana mupira wa miguu. Kule Marekani kuko mupira mwingine: wanaubeba mikononi na wanagongana kifua kwa kifua. Njo katika mupira ule Paul Robeson alianza kujulikana.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 kule Princeton. Baba yake alizaliwa mutumwa, akakimbia akiwa kijana, kisha akakuwa pasta. Mwaka 1915 Paul akapata masomo ya bure ku universite ya Rutgers. Mwanafunzi mweusi alikuwa paka yeye. Siku za kwanza za mazoezi, wazungu wa ekipe yake mwenyewe walimupiga, wakamuvunja pua, na mumoja akamukanyaga mukono mpaka kucha zikang'oka. Alitaka kuacha, lakini akarudi uwanjani. Mwaka 1916 ekipe moja ilikataa kucheza na mutu mweusi, na wakubwa wa Rutgers wakamukalisha kando. Akavumilia. Mwaka 1917 na 1918 alihesabiwa kati ya wachezaji bora wa inchi yote.

Akasoma sheria, lakini ubaguzi ukamutoa katika kazi ya avoka. Akageukia teatre na kuimba. Kule London alijifunza lugha za Afrika, Kiswahili chetu pia. Kule kule alikutana na watu wa mungodi wa makaa kutoka Wales, waliokosa kazi, wanatembea njiani wakiimba ili wasaidiwe. Akaungana nao, akawasaidia, na tangu pale hakuwaacha. Mwaka 1940 alicheza sinema juu ya maisha yao: mweusi anayetumika nao chini ya udongo na anakufa kwa kuokoa wenzake.

Alipigania haki ya weusi, tena alisifu Urusi. Kwa ile, mwaka 1950 serikali ya Marekani ikamunyang'anya paspo. Basi mwaka 1957 watu wa mungodi wa Wales walikusanyika Porthcawl, naye akawaimbia kutoka New York kwa waya ya telefone inayopita chini ya bahari. Mwaka 1958 paspo ikarudi, akaenda kwao mwenyewe.

Alikufa tarehe 23 Januari 1976. Wakubwa wa mupira wa universite za Marekani waliingiza jina lake kati ya mashujaa wao mwaka 1995, miaka 19 kisha kifo. Wale wa mungodi walikuwa wamemuheshimu zamani, akiwa angali muzima.