Michael Grzimek na Picha ya Kaburi la Ngorongoro

Mwalimu wa Karatu afundishaye jiografia hana haja ya kuagiza picha kutoka mbali. Ukingoni mwa kasoko ya Ngorongoro, kando ya barabara itokayo Karatu, pana kaburi la mawe. Picha yake moja ikibandikwa ubaoni yatosha kuanzisha somo.

Aliyezikwa hapo ni Michael Grzimek, aliyezaliwa Berlin mwaka 1934. Baba yake, Bernhard, alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Wawili hao walijifunza urubani, wakaja Tanganyika kwa ndege ndogo iliyopakwa milia mfano wa punda milia. Kutoka angani waliwahesabu wanyama wa Serengeti, wakazifuata njia zao za kuhama na kuwapiga picha za sinema. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ya Michael iligongana na tumbusi, akafa akiwa na miaka 24 tu. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Bernhard alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakazikwa papo hapo.

Lakini mwaka uo huo wa 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti, na Ngorongoro ikatengwa kuwa hifadhi ya peke yake. Picha ya kaburi haisemi lolote juu yao. Kwa hiyo sisi huwauliza watoto kwanza wanaona nini, kisha ni nani hayumo pichani. Swali la pili ndilo huwapeleka kwa wazee wao, na mara nyingine hurudi na picha kuukuu iliyotunzwa sandukuni, yenye boma na mifugo.