Eazy-E: Asiyejua kufoka aliyeiuzia dunia rapu ya Compton

Alhamisi ya Machi 16, 1995, wakili mmoja aliwasomea waandishi wa habari jijini Los Angeles, Marekani, taarifa fupi iliyowaduwaza vijana wengi. Mteja wake, Eric Wright, ambaye mashabiki walimjua kwa jina la Eazy-E, alikuwa amelazwa hospitalini akiugua Ukimwi. Siku kumi baadaye mwanamuziki huyo alifariki akiwa na umri wa miaka 30.

Wapenzi wa rapu hawakubaliani kuhusu mengi, lakini ni wachache watakaobisha kwamba albamu ya Straight Outta Compton, iliyotolewa mwaka 1988 na kundi lake la N.W.A, ndiyo iliyoutia muziki huo katika njia unayoifuata hadi leo. Sifa za kazi hiyo hupewa Dr. Dre, aliyepanga midundo, pamoja na Ice Cube na MC Ren, waliotunga sehemu kubwa ya mashairi. Ni haki yao. Eazy-E hakuwa mtunzi, na kufoka kwenyewe alifundishwa ukubwani. Alikuwa mfanyabiashara, na hilo ndilo watu husahau wanapolitaja jina lake.

Alizaliwa Septemba 7, 1964, katika mji mdogo wa Compton, kusini mwa Los Angeles. Babake alifanya kazi ya posta na mamake alikuwa msimamizi katika shule. Haikuwa nyumba ya mafukara. Wazazi hao walikuwa miongoni mwa Wamarekani Weusi wengi waliojinunulia au kukodi nyumba Compton wakati Wazungu walipokuwa wakiuhama mji huo. Lakini viwanda vya eneo hilo vilifungwa kimoja baada ya kingine, kazi zikaadimika, na ilipoingia miaka ya 1980, kokeini ya bei nafuu ya kuvutwa ikaukuta mji ambao tayari ulikuwa umegawanywa na magenge ya Crips na Bloods. Wright aliacha shule akiwa darasa la kumi, akajitosa katika uuzaji wa dawa za kulevya.

Inasimuliwa kwamba kuuawa kwa binamu yake kwa risasi ndiko kulikomzindua. Alikuwa na pesa taslimu zilizofichwa nyumbani kwa wazazi wake na hakuwa na la kuzifanyia. Kijana mwingine angenunua gari. Yeye aliamua kufungua kampuni ya kurekodi muziki, Ruthless Records, mwaka 1987. Hakujua kupiga chombo chochote wala hakuwahi kufanya kazi studioni. Alichokijua ni jinsi bidhaa inavyomfikia mnunuzi bila kupitia dukani.

Wenye vipaji walikuwa karibu. Andre Young, yaani Dr. Dre, alikuwa akicheza santuri katika klabu moja ya Compton na kurekodi na kundi lililovaa mavazi ya kumetameta na kuimba nyimbo za kudensi. Inasemekana Wright ndiye aliyemlipia Dre dhamana alipofungiwa kwa sababu ya faini za barabarani, na kwa namna hiyo ukaanza ushirikiano ambao ulikuwa wa deni tangu siku ya kwanza. O'Shea Jackson, yaani Ice Cube, alikuwa bado mwanafunzi, lakini daftari lake lilikuwa limejaa mashairi.

Wimbo uliofungua njia ulitokana na bahati tu. Cube aliutunga Boyz-n-the-Hood kwa ajili ya kundi moja lenye asili ya New York ambalo Ruthless ilitaka kulirekodi. Vijana hao waliusoma wakaukataa, wakiona lugha na mambo yake ni ya Los Angeles, si yao. Studio ilikuwa imelipiwa. Dre akamsihi mwenye pesa aingie mwenyewe kwenye kipaza sauti. Wright alishindwa kushika mdundo, ikabidi arekodi mstari mmoja mmoja, akisahihishwa kila mara. Kilichosikika mwishoni ni sauti nyembamba, ya juu, ya mvulana anayesimulia maovu kana kwamba anasimulia mechi ya kandanda. Hakuna mfokaji stadi ambaye angeutoa wimbo huo kwa namna ile. Santuri zilichapishwa katika kiwanda kidogo cha Hollywood na nyingi ziliuzwa kutoka kwenye buti za magari na katika masoko ya wachuuzi.

Mwaka huo huo alitafuta mtu wa kumfungulia milango ya kampuni kubwa. Jerry Heller alikuwa meneja Mzungu wa makamo ambaye enzi zake za kushughulikia ziara za wanamuziki wa roki zilikuwa zimepita. Heller mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Wright alimlipa mwenye klabu ya Compton dola 750 ili awakutanishe. Wawili hao walielewana tangu mwanzo, na uelewano huo ndio uliokuja kulivunja kundi.

Hapa kuna jambo ambalo husimuliwa mara chache. Pesa na jina la kwanza la maana la Ruthless katika soko la taifa vililetwa na wanawake. Kundi la wasichana watatu, J.J. Fad, lilitoa wimbo mwepesi wa Supersonic, na albamu yao ya 1988 ikauza nakala zaidi ya nusu milioni. Walikuwa kundi la kwanza la wafokaji wa kike kuteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Mafanikio yao yaliwapa wanaume wa N.W.A nafasi ya kurekodi walichokitaka, nao waliitumia nafasi hiyo kuwatukana wanawake wimbo baada ya wimbo. Wanaoisifu Straight Outta Compton kwa ushujaa wa kuwakabili polisi wanapaswa kuikubali na aibu hiyo, kwa kuwa yote mawili yamo katika santuri moja.

Albamu yenyewe ilirekodiwa kwa wiki chache na kwa gharama ndogo katika studio moja ya mji wa Torrance. Iliyokubali kuisambaza ni Priority Records, kampuni changa iliyokuwa imepata faida yake kwa kuuza nyimbo za vibonzo vya zabibu kavu zinazoimba. Ndani yake mlikuwa na midundo mizito, ving'ora, milio ya bunduki na vijana waliojitaja wenyewe kwa majina na kuutaja mtaa wao kama mtu anavyotaja ukoo. Kabla ya hapo wafokaji wengi wa New York walipoeleza dhiki za mtaani walizieleza kama watazamaji wenye onyo la kutoa. N.W.A walisema kwa nafsi ya kwanza, wakichukua nafasi ya mhalifu mwenyewe, bila onyo wala toba.

Redio nyingi ziliikataa. Kituo cha televisheni cha MTV kilikataa kuonyesha video ya wimbo uliobeba jina la albamu. Kisha, Agosti 1989, afisa wa ngazi ya juu wa shirika la upelelezi la FBI aliiandikia Priority barua akilalamikia wimbo ulioshambulia polisi. Barua hiyo haikuamuru lolote. Hata hivyo, katika miji kadhaa polisi walikataa kulinda maonyesho ya kundi hilo, na huko Detroit onyesho lilivunjika walipothubutu kuuanza wimbo huo. Mwenye mali alijua la kufanya na barua kama ile. Habari zake zilienea kuliko tangazo lolote ambalo kampuni ndogo ingeweza kulilipia, na kufikia katikati ya 1989 albamu ilikuwa imetambuliwa kuuza nakala milioni moja. Wanunuzi wake wengi walikuwa vijana wa Kizungu wa vitongoji tulivu ambao hawakuwahi kukanyaga Compton.

Soko lenyewe lilikuwa halijaelewa kilichotokea. Chati za muziki Marekani zilitegemea maelezo ya wauzaji wa maduka, ambao hawakuipa rapu uzito. Mei 1991 jarida la Billboard lilianza kutumia hesabu za kompyuta kutoka kwenye mashine za malipo. Mwezi uliofuata albamu ya pili ya N.W.A, Efil4zaggin, iliingia katika nafasi ya pili, na wiki iliyofuata ikawa ya kwanza nchini, tena bila kusaidiwa na redio. Wakuu wa kampuni kubwa, ambao miaka mitatu awali wasingewafungulia vijana hao mlango, sasa walianza kutafuta N.W.A yao. Dre alipotoa The Chronic mwishoni mwa 1992, kisha Snoop Dogg akatoa Doggystyle mwaka 1993 na kuanza moja kwa moja katika nafasi ya kwanza, rapu ya mtaani haikuwa tena pembeni. Ilikuwa ndiyo bidhaa kuu.

Wakati huo, nyumba iliyoizaa ilikuwa imebomoka. Mali bila daftari hupotea bila habari, wasemavyo wahenga, lakini Ruthless ilikuwa na daftari. Tatizo ni kwamba lilishikwa na wawili tu. Cube, ambaye maneno yake yaliuza mamilioni, aliona malipo yake hayalingani na kazi yake. Inasimuliwa kwamba aliwekewa mezani hundi ya dola 75,000 pamoja na mkataba wa kutia saini papo hapo, akakataa kusaini bila kuonyesha wakili. Aliondoka mwishoni mwa 1989. Dre alimfuata mwaka 1991, akiongozana na Suge Knight kuunda Death Row Records. Wright alidai kwamba alilazimishwa kumwachilia Dre kwa vitisho vya watu wenye marungu na mabomba ya chuma, dai ambalo Knight alilikanusha. Hata hivyo, maafikiano yaliyofikiwa yaliiachia Ruthless sehemu ya mapato ya Dre kwa miaka kadhaa. Dre alipomkejeli kwa nyimbo, Wright alichekelea hadharani kwamba kejeli hizo zinamwingizia pesa.

Alipenda kuwashangaza watu. Machi 1991 alihudhuria chakula cha mchana cha wafadhili wa chama cha Republican jijini Washington, ambako Rais George Bush alihutubia. Waliomwona wakaulizana kama mfokaji aliyeshambulia polisi amegeuka mhafidhina. Hakuwa amegeuka, alialikwa, akalipa, akaenda, akapata habari za magazetini. Wachache walikumbuka kwamba Bush mwenyewe aliishi Compton kwa muda kati ya 1949 na 1950, alipokuwa akiuza vifaa vya kuchimbia mafuta, na kwamba bintiye mmoja alizaliwa huko.

Jicho lake la biashara halikufifia. Alisaini kundi la vijana maskini kutoka Cleveland, Bone Thugs-N-Harmony, waliofoka kwa kasi huku wakipatanisha sauti kama kwaya, na santuri yao ya 1994 ikaiokoa kampuni. Mapema 1995 alikuwa ameanza kupatana na Cube, na mazungumzo ya kulirudisha kundi yalikuwa yakisikika.

Februari mwaka huo aliingia hospitali ya Cedars-Sinai akiwa na kikohozi alichodhani ni pumu. Vipimo vilionyesha Ukimwi, tena ukiwa umefika mbali. Alifunga ndoa na Tomica Woods kitandani hospitalini, siku mbili kabla ya taarifa ile kusomwa. Alikuwa baba wa watoto kadhaa kwa wanawake mbalimbali, na taarifa hiyo iliwahimiza vijana wauchukulie ugonjwa huo kwa uzito. Dre alipofika kumwona, Wright hakuwa na fahamu tena. Aliaga dunia Jumapili, Machi 26.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa tumekwisha kuona mwanamuziki akitangaza hali yake. Philly Lutaaya wa Uganda alifanya hivyo mwaka 1989, akazunguka shule na makanisa akiwa mgonjwa hadi alipofariki Desemba mwaka huo. Lutaaya alipata miezi ya kusema, naye Eazy-E alipata siku kumi. Na nchini Kenya ilibidi tungoje hadi Novemba 1999 ndipo Rais Daniel arap Moi atangaze Ukimwi kuwa janga la kitaifa.

Desemba 1995, chini ya miezi tisa baada ya kifo chake, serikali ya Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya kundi jipya ambalo, likichanganywa na dawa nyingine, liliwarudishia wagonjwa wengi uhai kuanzia 1996. Mgonjwa mwenye uwezo kama wake, jijini Los Angeles, angekuwa miongoni mwa wa kwanza kuzipata.

Baada ya kuzikwa kwake, mjane wake alichukua usukani wa kampuni. Priority, kwa upande wake, ilikubali mwaka 1996 kusambaza kazi za Master P wa New Orleans huku Master P akibaki na umiliki wa rekodi zake, mtindo ambao wafokaji wengi wameufuata. Mwaka 2016 N.W.A waliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki, wakitambulishwa na Kendrick Lamar, mzaliwa wa Compton aliyekuwa na umri wa miaka saba Wright alipofariki. Lakini pato kubwa la kwanza lilikuja mapema zaidi. Bone Thugs-N-Harmony waliurekodi upya wimbo wao Tha Crossroads kwa kumbukumbu yake, na mwaka 1996 ukakaa wiki nane katika kilele cha chati ya Marekani, ukiwa na nembo ya Ruthless.