Palmer, mhandisi aliyelitia bati migongo

Nyumba nyingi za Mukuru kwa Njenga, kando ya Eneo la Viwanda jijini Nairobi, zimejengwa kwa mabati ya migongo, ukutani na paani. Aliyeyabuni ni mhandisi Mwingereza, Henry Robinson Palmer.

Palmer alikuwa miongoni mwa vijana walioasisi chama cha wahandisi wa ujenzi jijini London mwaka 1818. Mwaka 1821 alisajili uvumbuzi wa reli ya mstari mmoja.

Mwaka 1829, akiwa mhandisi wa gati za London, alipata hataza ya bati la migongo. Siri yake ni umbo: bati bapa hulegea na kupinda, ilhali lenye migongo hustahimili mzigo na kuhitaji mbao chache. Alibakia adui mmoja, kutu, hadi Mfaransa Stanislas Sorel aliposajili njia ya kulipaka chuma zinki mwaka 1837.

Palmer alifariki mwaka 1844. Bati lake huinua nyumba upesi na kwa gharama nafuu, japo huleta joto kali mchana. Hata hivyo, halimlindi mkazi asiye na hati ya ardhi: ubomoaji wa mwaka 2021 uliwaacha maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga bila makao.