Mwana Kupona, Mama Aliyeusia kwa Wino

Mwaka huu chamani tuliusoma Utendi wa Mwana Kupona, na sisi wasichana nusura tutoke darasani kwa hasira. Mimi ndiye niliyelalamika kuliko wote. Basi mwalimu akaniambia, kwa kuwa nina maneno mengi, nikatafute habari za mama huyu nije niziandike hapa.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate, huko Lamu. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, yule aliyekataa katakata kumwinamia Sayyid Said, Sultani wa Unguja. Bwana Mataka alifariki mwaka wa 1856. Miaka miwili baadaye mjane wake naye aliugua, na katika ugonjwa huo akamwita bintiye, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi. Akamtungia beti 102. Hakuishi sana baada ya hapo; yasemekana alifariki karibu mwaka wa 1860.

Sasa lile lililotuudhi. Anamwambia binti kwamba kuna radhi tano za kutafuta: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Siku ya kiyama mume ndiye ataulizwa anataka mkewe apelekwe wapi, peponi au motoni. Kwa hiyo amtunze kama mtoto asiyejua kusema, amkande, ampepee, wala asitoke nje bila ruhusa yake. Lo! Sisi wa mahubiri ya Jumamosi na Jumapili tuliona ni mambo ya ajabu, ingawa tukisema kweli, hata kanisani mke huambiwa atii.

Niliporudia kuusoma polepole (Kiamu si mchezo) ndipo nikaelewa kwamba kwa mama huyu ndoa ni ibada. Kuweka nyumba safi na kujitia manukato kunahesabiwa pamoja na sala, na mlipaji ni Mungu. Tena hasemi ya kusikia. Anasimulia alivyoishi na baba yake Hashima kwa furaha bila kuvunjiana heshima, na jinsi mzee alivyompa radhi alipokuwa akikata roho. Kisha anamwomba Mungu awatunze watoto wake. Hapo hasira yangu ikapoa. Wako wasomi wanaodai kuwa alikuwa akifanya kejeli. Mimi sioni hivyo. Mgonjwa anayewaacha watoto atapata wapi nafasi ya kejeli?

Likizo ya Desemba ng'ombe wa mahari ya dada yangu waliingia bomani kwetu hapa Kegonga. Usiku ule mama, ambaye ni mtu wa kanisa hasa, alimketisha dada jikoni. Mimi nilikuwa nikisonga ugali, nikayasikia yote. Mengi yalikuwa yale yale ya Mwana Kupona: achunge ulimi, awe safi, asiache kusali. Lakini akaongeza moja ambalo utendini sikuliona: akipigwa arudi nyumbani, na ng'ombe watarudishwa. Nyinyi Wakuria wenzangu mnajua uzito wa neno hilo, maana kaka yetu anawangoja ng'ombe hao hao ili naye aoe. Baba alikuwa mlangoni. Alikohoa tu, akaenda zake.

Nadhani Mwana Kupona angemwambia dada avumilie, kwani kwake hesabu ya ndoa inafungwa ahera. Mama yangu naye anamcha Mungu vivyo hivyo, ila yeye anaamini mwili wa bintiye ni amana ya Mungu, na amana haipigwi. Mimi niko upande wa mama, lakini Mwana Kupona simchukii tena.

Mwishoni mwa utendi anawaita wanawake wote waje wausome. Wanaume hakuwaita. Basi nyinyi wavulana wa chama, mliopiga makofi pale mwalimu aliposoma habari za kumkanda mume, toleo lijalo nangoja beti zenu kuhusu wajibu wa mume. Hata zikiwa 20 tu, si haba.