Kurt Cobain Alipigia Redio Simu Kuomba Ngoma Yake Mwenyewe

Kama unaona noma kupush ngoma yako mwenyewe, cheki story ya Kurt Cobain wa Nirvana.

Msee alizaliwa 1967 Aberdeen, mji mdogo wa wakata mbao kule Washington, Marekani. Wazazi waliachana akiwa na miaka 9, na high school hakumaliza. Akaishia kufagia na kuosha majengo ndio apate doo.

Novemba 1988 Nirvana wakatoa singo ya kwanza, Love Buzz, ngoma waliyorudia ya Shocking Blue, bendi ya Uholanzi. Sub Pop, lebo ya Seattle, ilitoa kopi 1,000 pekee, kila moja imeandikwa namba kwa mkono, za wale tu walilipia klabu yao ya singo.

Sasa hapo nani angekujua? Kurt akapeleka kopi KCMU, redio ya chuo kikuu huko Seattle. Wakirudi home, akasimama kwa boothi ya simu, akapigia stesheni kama fan tu, akaomba wacheze Nirvana. Kisha akangoja kwa gari hadi ikachezwa.

Miaka 3 baadaye Nevermind ikadrop, na Januari 1992 ikamng'oa Michael Jackson namba 1 Marekani. Lakini umaarufu haukumponya. Alisumbuliwa na heroini na msongo wa mawazo, na Aprili 1994 akajitoa uhai, miaka 27 tu.

So ukitoa kitu, piga simu, itisha ichezwe. Na beshte yako akinyamaza sana, mpigie pia.